Upepo wa Lamu usiuzwe kwa mdomo

Kwa zaidi ya mwongo mmoja sasa, mradi wa umeme wa upepo wa Baharini, karibu na Mpeketoni katika Kaunti ya Lamu, umekuwa ukiishi kwenye makaratasi. Ni mradi wa megawati 90, wa mwekezaji kutoka Ubelgiji na washirika wake wa humu nchini, uliokusudiwa kusimama kwenye zaidi ya ekari 3,000 za ardhi ya mwambao. Umepitia mabarazani, umefika kortini, umeahidiwa fidia na umezungumzwa na viongozi wa awamu moja baada ya nyingine. Kila unapofufuliwa hurudi na wimbo uleule: wakazi waelimishwe, wahamasishwe, waondolewe hofu.

Wimbo huo ndio unaotukwamisha. Watu wa Baharini, Hindi na Mkunumbi hawahitaji kufundishwa kwamba upepo una nguvu. Kaskazi ndiyo iliyoleta majahazi ya Uarabuni na kusi ikayarudisha, na mvuvi wa leo bado anaupanga mwaka wake kwa pepo hizo mbili. Wanachotaka kujua ni hiki: upepo huo ukishageuzwa pesa, nani atalipwa, nani atahama, nani atalala na mvumo masikioni, na nani atajibu mambo yakiharibika. Maswali kama hayo hayamalizwi na hotuba. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na upepo wa Lamu ni mali.

Niseme mapema kwamba mimi ni mfuasi wa umeme wa upepo. Lamu iliwashiwa taa kwa jenereta za dizeli miaka mingi kabla ya kuunganishwa na gridi ya taifa. Kisha ikaletewa pendekezo la kiwanda cha makaa ya mawe cha megawati 1,050 pale Kwasasi. Wakazi na wanaharakati walilipinga, na tarehe 26 Juni 2019 jopo la kitaifa la kusikiza kesi za mazingira likaifuta leseni yake, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba umma haukushirikishwa ipasavyo. Ukilinganisha na makaa, upepo ni neema: hauna moshi, hauna majivu ya kutupwa, wala haumwagi maji moto baharini. Lakini usafi wa kawi hausafishi mkataba mchafu. Mradi usiotoa moshi unaweza kabisa kumpokonya mtu shamba.

Wanaowashangaa wakazi kwa ugumu wao wa kuamini wangesoma kwanza historia ya karibuni ya kaunti hii. Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta aliagiza hatimiliki za takriban ekari 500,000 za Lamu zifutwe, ardhi ambayo serikali yenyewe ilisema ilikuwa imetwaliwa kinyume cha sheria na kampuni 22. Mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi zaidi ya 4,000 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya. Nenda kusini kidogo hadi Uyombo, Kilifi, uone jinsi pendekezo la kinu cha nyuklia lilivyowatoa watu barabarani mwaka 2024. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtu wa pwani ameumwa zaidi ya mara moja.

Tazama pia baraza lenyewe linavyoendeshwa. Turubai limefungwa chini ya mwembe, wageni wameketi viti vya mbele, wazee pembeni, akina mama nyuma na watoto wao. Afisa wa mradi anaonyesha picha za mitambo kwenye kitambaa cheupe huku akichanganya Kiswahili na Kiingereza cha kitaalamu. Mama mmoja anauliza, "Mwanangu, na kaburi za wazee wetu zilizo mle shambani mtazipeleka wapi?" Anajibiwa kwamba suala hilo limepokelewa. Kabla ya soda kugawanywa inapitishwa karatasi ya mahudhurio: jina, namba ya kitambulisho, sahihi au dole gumba. Miezi kadhaa baadaye karatasi hiyo hiyo inaambatishwa kwenye ripoti ya athari za mazingira kuwa ushahidi kwamba jamii ilishirikishwa. Mama aliyeuliza swali amehesabiwa miongoni mwa waliokubali, na swali lake halimo hata kwenye kumbukumbu za kikao.

Napendekeza tuyachukue maswali ya wakazi moja baada ya jingine na tuulize kila moja linahitaji jibu la aina gani.

Kuna hofu ambazo sayansi inaweza kuzituliza. Panapotajwa mitambo ya upepo huzuka maneno kwamba inaleta saratani, inaporomosha mimba, inakausha maziwa ya ng'ombe. Utafiti mkubwa wa Wizara ya Afya ya Canada uliotangazwa mwaka 2014, uliohusisha zaidi ya kaya 1,200 zilizo karibu na mitambo hiyo, haukupata uhusiano kati ya kelele zake na magonjwa ambayo wakazi walisema wanayo. Hilo linafaa kuelezwa waziwazi, kwa Kiswahili cha kueleweka, na daktari wa kaunti ambaye halipwi na kampuni. Ila utafiti huohuo ulionyesha kwamba kelele zikizidi, karaha ya watu nayo huzidi. Anayesema hataugua amesema kweli, na anayesema atakereka amesema kweli vilevile.

Ndiyo maana suala la kelele linataka kipimo. Panga za mtambo wa kisasa ni ndefu kiasi kwamba ncha zake hukata hewa kwa kasi inayopita kilomita 200 kwa saa, na kila panga likishuka hutoa mvumo unaokuja na kwenda. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa kelele za mitambo hii usizidi desibeli 45, likiwa na nchi za Ulaya akilini. Kijiji cha Lamu usiku hakina magari wala viwanda vya kuufunika mvumo huo, kwa hiyo kiwango kinachovumilika pembeni mwa mji wa Ulaya kinaweza kusikika sana Baharini. Isitoshe, upepo wetu hubadili upande. Wakati wa kusi, sauti itasukumwa kuelekea kaskazini, na kaskazi ikiingia itasukumwa kusini. Mtaalamu akija kupima kwa wiki mbili za msimu mmoja, nusu ya kijiji itakuwa haijapimwa. Kifungu kiandikwe: vipimo vichukuliwe usiku, katika misimu yote miwili, kabla ya ujenzi na baada yake, na mtambo utakaovuka kiwango upunguzwe kasi au uzimwe usiku hadi urekebishwe.

Kivuli nacho ni vivyo hivyo. Jua likiwa chini, panga zinazozunguka hukatakata mwanga, na nyumba iliyo kwenye mkondo wa kivuli hicho huwa kama chumba ambamo mtu anacheza na swichi ya taa. Ujerumani iliweka ukomo wa saa 30 kwa mwaka na dakika 30 kwa siku, na mwongozo wa Benki ya Dunia kuhusu miradi ya upepo umeuchukua ukomo huo. Kwetu, karibu na ikweta, jua huchomoza mashariki na kuzama magharibi bila kuhama sana mwaka mzima, hivyo nyumba zitakazosumbuka ni zile zilizo mashariki na magharibi mwa mitambo. Zinaweza kujulikana leo kwa ramani, moja baada ya nyingine. Basi wenye nyumba hizo waambiwe leo, wasisubiri kugundua wenyewe asubuhi ya kwanza mtambo ukiwashwa.

Tukija kwa ndege, mwambao huu si mahali pa kubahatisha. Delta ya Mto Tana, iliyo jirani, imo tangu mwaka 2012 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar. Miezi ya kaskazi huleta maelfu ya ndege wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Suluhisho lipo na linatumika. Kwenye mwambao wa Ghuba ya Suez, nchini Misri, ambako makundi makubwa ya korongo na ndege walao nyama hupita kila mwaka, watazamaji hukaa macho na mitambo huzimwa kundi linapokaribia. Hapa Kenya, mradi wa Kipeto kule Kajiado ulilazimika kuandaa mpango maalumu wa kuwalinda tumbusi walio hatarini kutoweka. Popo nao wasisahauliwe, maana ndio wanaochavusha maua ya mibuyu usiku, na vifo vyao hupungua mitambo isiporuhusiwa kuzunguka usiku wenye upepo hafifu. Hayo yote yana gharama, na gharama hiyo ihesabiwe kwenye bei ya mradi tangu mwanzo. Ikiachwa iwe hisani ya kampuni, itakuwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibana.

Mvuvi ana maswali yake pia, hata kama mitambo itasimama nchi kavu. Panga zenye urefu wa makumi ya mita na vipande vya minara havibebwi kwa mkokoteni. Vitahitaji barabara pana, viwanja vya kreni na pengine mahali pa kuteremshia mizigo. Je, njia ya kwenda bandarini na mahali pake pa kuanikia nyavu itafungwa? Mikoko itakatwa? Taa za ujenzi zitamulika fukwe ambazo kasa hutagia, wakati inajulikana kwamba vifaranga vya kasa hufuata mwanga na kupotea njia ya baharini? Ramani ya njia za mizigo inafaa kubandikwa kwenye ofisi ya chifu na kwenye banda la wavuvi kabla ya trela ya kwanza kuwasili.

Lakini yote hayo ni mepesi mbele ya suala la ardhi. Mfano mkubwa tunao humu nchini, kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana. Pale Loiyangalani ilisimamishwa mitambo 365 yenye uwezo wa megawati 310, mradi mkubwa wa kujivunia, kwenye eneo la ekari 150,000 lililokuwa malisho ya jamii za wafugaji. Wakazi walikwenda kortini mwaka 2014. Oktoba 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Meru ikaamua kwamba hatimiliki za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu wa sheria. Kufikia siku hiyo mitambo ilikuwa imezunguka kwa miaka mitatu. Mwezi huohuo, huko Norway, Mahakama ya Juu iliamua kwamba leseni za mitambo 151 ya Fosen zilikiuka haki za Wasami wafugao kulungu wa theluji, na huko pia mitambo ilikuwa imeshajengwa. Kesi zote mbili zinafundisha jambo moja: haki ya ardhi ikichelewa hadi zege likauke, mahakama hubaki kutamka ukweli ambao ni vigumu kuutekeleza.

Baharini pana ugumu wa ziada. Kuna wenye hatimiliki, kuna wenye barua za skimu ya makazi, kuna waliolima miaka mingi bila karatasi yoyote, na kuna madai ya kihistoria ya wenyeji wanaoona hata hizo skimu ziliwaruka. Kampuni mbili ziligombania eneo hadi mahakamani kabla mtambo hata mmoja haujasimama. Na shamba likishatangazwa kuwa la mradi hukwama. Mwenyewe hapandi mkorosho kwa kuwa hajui kama ataula, mnunuzi haji, benki haikopeshi, kijana anaahirisha kujenga. Fidia inayongojwa miaka nenda miaka rudi ni hasara inayomla mtu polepole. Kwa hiyo sharti la kwanza liwe la muda: kila mwenye haki atambuliwe na orodha ibandikwe hadharani, malipo yafanyike kabla ya ujenzi, na muda uliowekwa ukipita bila malipo, ardhi irudi mikononi mwa wenyewe bila kesi.

Hata hivyo, kuna njia bora kuliko kununua na kuhamisha. Mtambo wa upepo hukalia sehemu ndogo tu ya ardhi, na baina ya mtambo na mtambo mtu anaweza kuendelea kulima simsim au kulisha ng'ombe. Kipeto, yenye megawati 100, ilikodi ardhi kutoka kwa familia za Kimaasai, na asilimia 5 ya hisa zikawekwa kwenye mfuko wa jamii. Mtu anayepokea kodi kila mwaka huku shamba likiwa bado lake ana sababu ya kuulinda mtambo. Aliyelipwa mara moja akaondoka hana.

Hapo tunafika kwenye manufaa. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 imeeleza jinsi mrabaha wa mvuke wa ardhini unavyogawanywa: serikali kuu asilimia 75, kaunti asilimia 20, jamii ya mahali asilimia 5. Upepo haukuwekewa mgao wa namna hiyo. Hii ina maana kwamba mkazi wa Baharini hana pa kushika isipokuwa mkataba wenyewe. Asipoandikiwa fungu lake humo, atabaki na zahanati iliyopakwa rangi na bango lenye nembo ya kampuni. Na fungu la kwanza liwe umeme. Mitambo ya Turkana ilipokamilika mwaka 2017, ilikaa bila kazi ikingoja njia ya umeme ya kilomita 438 hadi Suswa, iliyokamilika Septemba 2018, na Mkenya akabebeshwa mabilioni ya faini za ucheleweshaji. Ilipokamilika, nyaya hizo zilipita juu ya manyatta zisizo na taa. Lamu haifai kurudia hilo. Nyumba zilizo ndani ya kilomita chache za mtambo ziunganishiwe umeme kabla ya umeme huo kuvuka Mto Tana.

Watakaosema haya ni ndoto wakatazame Middelgrunden, kwenye maji ya kina kifupi mbele ya mji wa Copenhagen. Mpango wa awali ulikuwa wa mitambo 27 katika safu tatu. Wananchi walilalamika, na mchoro ukabadilishwa: ikabaki mitambo 20 katika mstari mmoja uliopinda. Nusu ya mradi, uliokamilika mwaka 2000, ikanunuliwa na ushirika wa watu zaidi ya 8,000. Malalamiko yalipunguza mitambo saba, yakazaa maelfu ya wenye mali. Lamu si Copenhagen, wala mvuvi wa Lamu hana akiba ya kununua hisa kama mwalimu wa Denmark. Lakini hisa za jamii zinaweza kulipiwa kutokana na mapato ya miaka ya kwanza, na vyama vya ushirika si wageni katika nchi hii.

Sasa linganisha na Kinangop, kaunti ya Nyandarua. Mradi wa megawati 60 ulikuwa na fedha na mitambo ilikwisha agizwa. Wakulima wa viazi walikuwa na maswali ya ardhi na afya yasiyopata majibu, maneno ya mitaani yakajaza pengo, maandamano yakageuka ghasia na mtu akapoteza maisha. Mwaka 2016 wawekezaji wakafunga virago. Nani aliokoa pesa pale kwa kuharakisha?

Lipo swali moja ambalo haliulizwi vya kutosha mabarazani. Mtambo wa upepo huishi miaka 20 hadi 25. Chini yake kuna mamia ya tani za zege na chuma, na panga zake zimetengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi zisizoyeyushwa kirahisi. Mtoto anayezaliwa leo Baharini atakuwa na watoto wake siku mtambo utakapochoka. Kampuni itakuwa bado ipo? Dhamana ya kubomoa iwekwe benki tangu mwaka wa kwanza wa mauzo ya umeme, kwa akaunti ambayo mwekezaji hawezi kuigusa peke yake.

Kazi ya kuyaandika haya haiwahusu wawekezaji pekee. Serikali ya Kaunti ya Lamu iwalipie wakazi mwanasheria wa kuwatetea wao, asiyekuwa wa kampuni wala wa kaunti. Tume ya Taifa ya Ardhi imalize orodha ya wenye haki na kuitangaza. Bunge liupe upepo mgao wa kisheria kama ulivyopewa mvuke. Mamlaka ya mazingira ikatae ripoti yoyote inayoleta karatasi ya mahudhurio bila kumbukumbu za maswali yaliyoulizwa na majibu yaliyotolewa.

Na nyinyi wakazi, hasa wazee wetu na vijana mnaofuatwa na mabroka, chagueni kamati yenye wanawake, wavuvi na wakulima, na kila swali mnalouliza liandikwe kwenye daftari lenu wenyewe pamoja na jina la aliyejibu. Msikubali wala kukataa mradi kwa sababu ya mwanasiasa. Takeni nakala ya mkataba kwa Kiswahili, usomwe mbele ya watu, kifungu baada ya kifungu. Usiposomwa, msitie sahihi, hata ya mahudhurio.